Vidole vimekufa ganzi na dripu zimebaki nne: niache kemo?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro, kazi yangu ni ususi. Mwaka jana niligundulika nina saratani kwenye titi la kushoto. Nilifanyiwa upasuaji, wakaliondoa titi pamoja na tezi za kwapani, kisha nikaanzishiwa kemo, yaani dripu za dawa ya saratani. Zile za mwanzo, zile nyekundu, zilinitapisha na nywele zikapukutika, lakini nilivumilia kwa sababu nilishaambiwa. Sasa niko kwenye dawa ya pili, wanaiita paklitakseli, nawekewa kila wiki. Zilipangwa dripu kumi na mbili, zimebaki nne.

Ganzi ilianza kwenye nyayo. Nikadhani ni kukaa kitako muda mrefu nikisuka, sikujali. Sasa imepanda hadi vifundoni na imeingia kwenye vidole vya mikono. Usiku miguu inawaka moto na kuchomachoma, naitoa nje ya shuka. Hivi karibuni nilitoka sokoni nikafika nyumbani na ndala moja, nyingine ilichomoka mguuni njiani na sikujua. Vifungo vya shati la shule la mwanangu siviwezi tena, anafungwa na dada yake.

Kazini ndiko ninakolia. Nikigawa nywele siusikii unywele kati ya vidole, nashika nyingi au nashika chache, mistari inakwenda upogo. Mteja wangu wa siku nyingi aliniomba nifumue nianze upya, mwishowe akaenda kumalizia kwa jirani. Juzi nilikuwa nachovya ncha za rasta kwenye maji ya moto, nikaunguza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Sikusikia kitu mpaka nilipoona malengelenge.

Mume wangu anasema najidekeza. Wifi yangu anasema kuna mkono wa mtu, ameniletea dawa ya majani ya kunywa na nyingine ya kuchua, na ananihimiza niloweke miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi. Duka la dawa waliniuzia vidonge vya vitamini B vya mishipa, nameza viwili kila siku. Daktari sijamwambia. Naogopa atapunguza dawa ugonjwa urudi, au ataniona mlalamishi. Na wakati mwingine nafikiria kuziacha hizo nne zilizobaki, maana mikono ikifa wanangu nitawalisha nini?

Nisaidie, Shangazi.

Msusi, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuumwa, na pole kwa kulibeba jambo hili peke yako mpaka likafika hapa.

Nianze na jibu, maelezo yatafuata. Dripu usiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Na hiyo ijayo usikubali kuwekewa kabla hujamweleza daktari yote haya uliyoniandikia mimi. Umwambie kabla sindano haijaingia mshipani. Ukisubiri wakati unavaa viatu uondoke, umechelewa, kwa sababu dozi ya siku hiyo ndiyo anayopaswa kuifikiria. Kama una namba ya simu ya kliniki, piga kesho asubuhi, usingoje siku ya miadi.

Ganzi hiyo inatoka kwenye dawa yenyewe. Kila neva inayofika kwenye kidole cha mguu, kiini chake kiko karibu na uti wa mgongo, na mkia wake unashuka mpaka chini, karibu mita nzima. Ndani ya mkia huo mna vijirija, yaani mirija midogo, vyembamba mno vinavyofanya kazi kama reli: chakula na mahitaji yote ya neva husafirishwa juu yake. Seli ya saratani nayo hutegemea vijirija vya aina hiyohiyo inapotaka kujigawa ziwe mbili. Paklitakseli huvikaza vijirija hivyo visiweze kufumuka na kujengwa upya, seli ya saratani ikashindwa kujigawa, ikafa. Neva haijigawi, lakini mizigo yake inakwama njiani, na ncha zilizo mbali ndizo zinazokosa kwanza. Ndiyo maana kwako ilianza nyayoni, ikaja vidoleni, na ikashika pande zote mbili sawasawa. Mkono wa mtu haumo hapo. Mwambie wifi yako hivyo kwa upole, maana najua anakupenda, asingekuwa anahangaika na majani.

Wala hauko peke yako. Mwaka 2014 watafiti walikusanya pamoja tafiti 31 zenye wagonjwa zaidi ya 4,000 wa saratani na kemo za aina mbalimbali. Mwezi wa kwanza baada ya kumaliza kemo, wagonjwa 68 katika kila 100 walikuwa na tatizo hili la neva. Ilipofika miezi mitatu walikuwa 60. Kuanzia miezi sita na kuendelea walikuwa 30. Kwa hiyo wengi hupungukiwa kadiri miezi inavyokwenda, ila wapo ambao huendelea kuishi nalo, na ndiyo sababu sitaki ulifiche hata wiki moja zaidi. Neva iliyoumia kidogo ina nafasi nzuri ya kujirudi kuliko iliyoumia sana.

Sasa hofu yako kubwa, kwamba daktari atapunguza dawa na ugonjwa utarudi. Naielewa, na si ya kipuuzi. Dawa hii ina faida kweli. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa 2008, wenye wanawake karibu 5,000 wa saratani ya titi, ulionyesha kwamba wale waliopewa paklitakseli kila wiki walifanya vizuri kuliko waliopewa kila wiki tatu. Lakini utafiti huohuo ulionyesha madhara ya neva ya kiwango cha kusumbua yalikuwa mengi zaidi kwa wale wa kila wiki: 27 katika 100, dhidi ya 20. Madaktari wanazijua pande zote mbili. Kwa hiyo kuna hatua zinazofahamika: kusogeza dripu mbele kidogo, kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kusimamisha ikiwa madhara yamekuwa makubwa kuliko faida iliyobaki. Na tayari nane zimeshaingia mwilini mwako, hizo hazipotei. Ni hatua ipi inakufaa wewe, inategemea ukubwa wa uvimbe wako ulivyokuwa, tezi ngapi zilikuwa na saratani, na matibabu gani yanakuja baada ya hapa. Mimi siyajui hayo, anayajua yeye.

Anachokosa yeye ni hiki unachokijua wewe. Wakati nikifanya kazi wodini nimewasikia wagonjwa wengi wakiulizwa "unaendeleaje?" wakajibu "namshukuru Mungu," kisha nje kwenye benchi wanaambiana jinsi wanavyoshindwa kushika kijiko. Ganzi haionekani kwenye kipimo cha damu cha kila wiki. Daktari anaipima kwa kukusikiliza: kama ipo tu lakini haikuzuii kitu, kama imeanza kukuharibia kazi zako za kawaida, au kama imefika mahali huwezi kujivalisha na kujihudumia. Kwa hiyo usimwambie "vidole vina ganzi kidogo". Mwambie: "Siwezi kufunga vifungo. Ndala imechomoka njiani sikujua. Nimeungua na maji ya moto sikusikia. Siwezi kusuka." Sentensi hizo nne ziandike kwenye karatasi leo, uende nazo. Hakuna daktari wa saratani anayejua kazi yake atakayekuita mlalamishi.

Na aulize mengine pia, akisahau mkumbushe. Upimwe sukari, maana kisukari nacho huharibu neva hizohizo, na deksamethasoni, dawa ambayo kwa kawaida hutolewa kabla ya dripu hii kuzuia mzio, hupandisha sukari. Mweleze kama unatumia dawa za kifua kikuu au za kufubaza VVU, kwa sababu baadhi yake hugusa neva. Kama unakunywa pombe, mwambie, na uache kwa sasa.

Kuna jambo moja halingoji miadi yoyote. Ukiona miguu yote miwili inaishiwa nguvu ghafla, mgongo unauma mfululizo, au mkojo na choo vinakataa kutoka au vinatoka bila wewe kujua, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hiyo si ganzi ya kemo. Kwa mwenye saratani ya titi lazima uti wa mgongo uangaliwe haraka.

Tuje kwenye vidonge. Hivyo vya vitamini B ulivyouziwa, vipeleke kwa daktari pamoja na boksi lake, na kwa sasa uviweke kando. Watu wanadhani vitamini haidhuru. Vitamini B6 ikimezwa kwa wingi na kwa muda mrefu, yenyewe husababisha ganzi ya mikono na miguu, ileile unayoikimbia, na baadhi ya vidonge vya mchanganyiko vinayo kwa kiwango kikubwa mno kupita mahitaji ya mwili. Kama kweli umepungukiwa B12, hilo hupimwa na kutibiwa vizuri. Kuna kingine kinachouzwa mitandaoni kama kinga ya neva, kinaitwa asetili-L-kanitini. Mwaka 2013 matokeo yalitangazwa ya utafiti wa wanawake 409 wa saratani ya titi waliokuwa kwenye kemo za jamii hii yako, na waliopewa kirutubisho hicho ganzi ilikuwa mbaya zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Usikinunue.

Na majani ya wifi? Sina dharau na miti. Hiyo paklitakseli yenyewe ilitokana na gome la mti wa Marekani magharibi, gome lililokusanywa mwaka 1962, ikachukua miongo mitatu kuipima mpaka ikakubaliwa kutibu watu. Tofauti ni hiyo miaka ya kupima. Majani hayo hujui yana nini, wala hujui yataifanya ini lako lisage kemo haraka au polepole. Dawa ikikaa mwilini kuliko ilivyopangwa, neva zako ndizo zitakazolipa. Yasubiri mpaka kemo iishe, na hata hapo muulize daktari kwanza. Ya kuchua, kama haina pilipili wala kitu kinachounguza, haina ubaya mkubwa kwenye ngozi nzima, ila kwenye vidole vilivyoungua isikaribie.

Maji ya moto na chumvi nakukataza kabisa. Mguu usiosikia hauwezi kukuambia maji yamezidi. Nimeona nyayo zilizobambuka ngozi kwa sababu ya ushauri huo, na mtu akiwa kwenye kemo kinga yake iko chini, kidonda kinageuka kulazwa.

Dawa ya kweli ya maumivu ipo. Inaitwa duloksetini, na ndiyo pekee ambayo chama cha madaktari wa saratani wa Marekani, katika mwongozo wake wa 2014 na ule wa 2020, kiliona ina ushahidi wa kutosha kupendekezwa kwa tatizo hili. Inapunguza kuwaka na kuchoma kwa baadhi ya watu. Ganzi yenyewe haiiondoi, na nisingependa uinunue ukitegemea vidole virudi. Uangalifu unaotakiwa ni huu: ikiwa saratani yako ni ya aina inayotegemea homoni, baada ya kemo huenda ukapewa tamoksifeni kwa miaka kadhaa. Tamoksifeni inahitaji kubadilishwa na ini ndipo ifanye kazi kikamilifu, na duloksetini inapunguza uwezo wa ini kufanya hivyo. Daktari anayekuandikia moja ajue kuhusu nyingine. Pia isichanganywe ovyo na tramado, ile dawa nyingine ya maumivu. Huku kwetu mara nyingi utaandikiwa amitriptilini au gabapentini. Ushahidi wake kwa ganzi ya kemo ni mdogo, lakini wapo wanaopata usingizi kwa sababu yake, na usingizi ni kitu kikubwa. Kabamazepini, ambayo maduka mengi huitoa kwa "mishipa", usiiguse ukiwa kwenye kemo bila daktari kukubali, kwa kuwa inaweza kufanya mwili uitoe kemo haraka. Hospitali kubwa za saratani, kama Ocean Road, zina kitengo cha tiba shufaa. Watu husikia jina hilo wakadhani ni pa wanaoaga dunia. Kazi yao ni kutuliza maumivu, na wewe una maumivu, kwa hiyo omba upelekwe.

Kwa hizo dripu zilizobaki, kama daktari ataamua uendelee, muulize kuhusu kupoza mikono na miguu wakati dawa inaingia. Mwaka 2018 watafiti wa Japani walichapisha utafiti wa wanawake waliokuwa kwenye paklitakseli ya kila wiki: mkono mmoja na mguu mmoja walivalishwa glovu na soksi zilizogandishwa kwa dakika 90, mwingine ukaachwa. Upande uliopozwa ganzi ilikuwa ndogo sana. Walikuwa wachache, 36 tu, lakini tafiti nyingine za kupoza zimefuata na kuonyesha faida. Baridi huifanya mishipa ya damu isinyae, dawa ikafika kidogo vidoleni. Wengine hukaza tu kwa glovu za upasuaji zilizo ndogo kuliko saizi ya mkono, hapo majibu ya tafiti hayajalingana. Hili lilikuwa la kufanywa tangu dripu ya kwanza, na dada yeyote anayesoma hapa ambaye anakaribia kuanza dawa hii alichukue mapema. Kwako wewe mwenye ganzi tayari, usijifungie barafu mwenyewe nyumbani: hutasikia ikikuunguza. Nesi asimamie, kitambaa kiwe katikati.

Sasa kazi yako. Ncha za rasta asizichovye mtu mwingine ila binti anayekusaidia au mteja mwenyewe, na kama uko peke yako, suka mitindo isiyohitaji maji ya moto wala kiberiti mpaka mambo yatulie. Malengelenge hayo usiyatoboe. Yako mkono wa kushoto, upande ulioondolewa tezi za kwapani, na mkono huo ukiingia vijidudu unaweza kuvimba na kubaki umevimba. Onyesha vidole hivyo mapema, na ukiona wekundu unapanda mkononi au una homa, usilale nyumbani. Kwa muda huu pokea vichwa vya rasta nene na twende kilioni kubwakubwa, sehemu ambazo macho yanaweza kufanya kazi ya vidole. Kaa kwenye mwanga. Zile nyembamba mwachie mwenzako mgawane malipo, ndivyo mteja anavyobaki wa kwenu.

Nyumbani, maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, au mtoto mkubwa aweke mkono kwanza. Mkaa ushike kwa koleo, sufuria kwa vitambaa vinene. Ndala zitupe. Vaa raba au viatu vya kufunga, na kabla ya kuvaa tia mkono ndani au vikung'ute, jiwe dogo linaweza kukutoboa kutwa nzima usijue. Kila jioni kaa chini ya taa uangalie nyayo zako zote, na katikati ya vidole. Usiku acha mwanga kidogo njia ya chooni, kwa kuwa miguu isiyosikia sakafu inategemea macho ili usianguke. Tembea kila siku unavyoweza, hata ndani ya uwanja wa nyumba. Utafiti wa Marekani wa 2018 ulionyesha kwamba wagonjwa waliotembea na kuvuta mipira ya mazoezi kwa wiki sita wakati wa kemo walipata ganzi na hisia za moto na baridi kidogo kuliko wasiofanya. Ni bure, na ni miongoni mwa machache ambayo yako mikononi mwako kabisa.

Mume wako siku ya kliniki aje naye, aingie chumbani kwa daktari, asibaki nje kwenye benchi. Anaposema unajidekeza, nadhani anaogopa, na mtu anayeogopa bila kuelewa husema maneno ya kuumiza. Daktari amweleze yeye mwenyewe. Kisha mpe kazi za vifungo na koleo.

Ukimaliza dripu usishtuke ganzi ikizidi kidogo kwa wiki chache kabla ya kuanza kushuka, hilo hutokea. Kurudi kwake huhesabiwa kwa miezi, na mara nyingi huanza kurudi huku vidoleni kabla ya miguuni. Kila kliniki taja ilipofika, hata ikiwa hujaulizwa.

Ukishaonana naye, niandikie ameamua nini na amekupa dawa gani. Uniambie pia kama majibu ya uvimbe wako yalisema unategemea homoni, ili tuzungumze vizuri habari ya tamoksifeni kabla hujaianza.

Shangazi